Vifaranga wa kware wanadonoana? Soma hapa kabla hujakimbilia duka la dawa

Leo tunaongelea kware, na hasa wale wadogo kabisa, kuanzia siku ya 1 mpaka wiki ya 3. Kila nikitaja kware watu wananiuliza trei inauzwaje na soko liko wapi. Sawa, soko ni muhimu. Lakini kabla ya soko kuna kifaranga, na kifaranga wa kware anaweza kukumalizia mtaji bila ugonjwa wowote. Anauawa na wenzake.

Mimi yamenikuta. Ulikuwa mkupuo wangu wa pili. Nilikopa kwenye kikoba, nikanunua mayai 300 ya kutotolesha, mashine ikanipa vifaranga 214. Nikaona nimetoka kimaisha. Mama mmoja wa Kibaha alikuwa ameshaniwekea oda ya vifaranga 160 wa wiki 2, shilingi 3,000 kila mmoja, na advansi ya nusu nimeshaipokea na imeshaingia kwenye chakula na umeme. Wiki 2 zilipotimia nilikuwa na vifaranga 147 walio hai. Kati ya hao, 22 hawakuwa na vidole kamili, au walikuwa na jicho moja, au mgongo mwekundu hauna hata nyoya. Wazima kabisa walikuwa 125. Wengine 67 nilishawafukia nyuma ya nyumba.

Sasa ngoja nikwambie nilikosea wapi, maana makosa yangu ndiyo hayohayo ninayoyaona kwa wengi wanaoanza.

Siku ya 3 asubuhi nilikuta 6 wamekufa, vidole vimeliwa. Nikasema ni panya. Nikanunua mtego, nikaziba matundu yote ya banda. Siku ya 5 nikakuta 19 kwa usiku mmoja, na mtego hauna kitu. Hapo ndipo nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa antibayotiki ya unga ya kuweka kwenye maji. Jamani, kudonoana si ugonjwa. Hakuna antibayotiki inayomfundisha kifaranga tabia. Hela ile ningenunulia mbao za kuongeza boksi ingenisaidia zaidi. (Ukiona damu kwenye kinyesi, hilo ni jambo jingine, mwite afisa mifugo. Hapa naongelea damu ya vidole, macho na mgongo.)

KWA NINI ANADONOA?

Kifaranga wa kware akitoka kwenye yai ana uzito wa gramu 7 hivi, na ukubwa wake hauzidi sana kidole gumba chako. Hana mama wa kumwonyesha chakula kiko wapi. Dunia yote anaijua kwa mdomo. Kitu kinachong'aa, kinachotembea, au chenye rangi tofauti na sakafu, anakidonoa kwanza aone kama kinalika. Sasa wewe umemtandikia gazeti, chakula umeweka kwenye kisahani kule pembeni, na hapa mbele yake kuna vidole vya mwenzake, vyembamba, vinatembeatembea kama minyoo. Unategemea afanye nini?

Kwa hiyo siku 3 za kwanza usiseme hawa wana roho mbaya. Wanatafuta chakula. Tatizo ni kwamba vidole vile vikitoa damu, mambo yanabadilika. Kware wanavutwa sana na rangi nyekundu. Mmoja akidonoa, wa pili anaona, wa tatu anakuja, na baada ya muda mfupi unakuta wameunda mduara wanamla mwenzao angali hai. Ndiyo maana kazi yako kubwa ni kuzuia tone la kwanza la damu. Baada ya hapo unakuwa unakimbizana tu.

ANGALIA WAMEMDONOA WAPI

Hili ndilo nililojifunza kwa gharama kubwa, na kama una haraka, basi soma kipande hiki tu. Sehemu iliyodonolewa inakwambia kosa liko wapi. Chukua kigoda, kaa pembeni ya bruda dakika 15 bila kuongea na bila kutingisha kitu. Wakikuzoea utaona kila kitu.

Kama ni vidole, na wana siku 1 mpaka 4, tatizo ni chakula hakionekani au hakitoshi mahali. Wameshindwa kukipata, au walio mbele wamejaa pale na wa nyuma hawafiki. Dawa yake ni kumwaga chakula kila mahali. Mimi siku hizi natumia trei za mayai za karatasi, nazipindua, nanyunyiza chakula kilichosagwa laini juu yake na kwenye vishimo. Kila kifaranga anajikuta amesimama juu ya chakula. Trei ina faida nyingine pia: haitelezi. Gazeti linateleza, na kifaranga anayeteleza miguu yake inatanuka kushoto na kulia, hawezi kusimama, na asiyeweza kusimama ndiye wa kwanza kudonolewa. Sakafu ya boksi weka kadibodi yenye mikwaruzo au kitambaa kisicho na nyuzi zinazotoka. Gunia la katani usiweke, nyuzi zake zinajifunga vidoleni mpaka kidole kinakufa. Maranda nayaingiza kuanzia siku ya 4 au ya 5, wakishajua chakula ni kipi, na yawe maranda yenyewe, si unga wa msumeno. Unga wa msumeno wanaula.

Kama ni macho au juu ya mdomo, na wana siku 1 au 2, hiyo ni ile hali ya kudonoa kinachong'aa. Mara nyingi utakuta taa ni kali mno na imeshushwa karibu, macho yanametameta. Punguza mwanga, ongeza chakula sakafuni. Inaisha yenyewe kama hakuna aliyeumia.

Kama ni mgongo na mabawa, na wamefika siku 7 kwenda mbele, hapo ndipo pana shida ya kweli. Kware anaota manyoya haraka sana kuliko kuku. Nyoya linapochomoza linakuwa na damu ndani yake, laini, na likivunjika linatoa damu. Kwenye umri huu anahitaji protini nyingi ya kujenga manyoya, na akiikosa anaitafuta kwenye manyoya ya jirani. Kwa hiyo mgongo ukidonolewa, fikiria mambo mawili, chakula chako kina protini ndogo au umewabana mno. Kwangu yalikuwa yote mawili.

Kama ni nyuma, kwenye njia ya haja, mgeuze umtazame. Kuna wakati kinyesi kimeganda pale, kimekuwa kama jiwe, na wenzake wanadonoa kile kinyesi mpaka wanafika kwenye ngozi. Mlowanishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu mpaka kilainike chenyewe, usikivute, halafu mkaushe kabisa kabla ya kumrudisha. Kifaranga aliyelowa naye anadonolewa, na baridi inamuua.

Ya kichwa, ile ya kutoboana mpaka ngozi inatoka, hiyo huja zaidi baadaye, kuanzia wiki ya 5 hivi madume yakianza kukomaa. Ni habari nyingine, tutaiongea siku yake.

TAA NDIYO ILIYONIPONZA

Nilikuwa na taa ya wati 100, nyeupe, inawaka saa 24, nimeining'iniza katikati ya boksi. Nilijua natoa joto. Siku ya 6 jioni babu jirani yangu, mfugaji wa kuku wa kienyeji wa miaka mingi, alikuja kuomba kiberiti akanikuta nimeshika kichwa. Akachungulia, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, hawa wanalala saa ngapi?"

Nikamwambia, "Babu, hawa ni wadogo, wanahitaji joto muda wote."

"Nimekuuliza kulala, sijakuuliza joto."

Sikuwa na jibu. Vifaranga wangu walikuwa hawajalala tangu watotolewe. Aliyefumba macho anakanyagwa na aliye macho, na aliye macho hana kazi ya kufanya zaidi ya kudonoa. Na kwenye mwanga ule mweupe kila kidonda kinaonekana kutoka kona zote za boksi.

Joto na mwanga ni vitu viwili tofauti, ila taa ya kawaida inakuuzia vyote pamoja. Siku 3 za kwanza acha mwanga muda mrefu ili wajue chakula na maji vilipo, lakini uwe hafifu. Baada ya hapo tenganisha. Ukipata taa nyekundu, hiyo ndiyo nzuri zaidi, maana kwenye mwanga mwekundu damu haionekani tofauti na kitu kingine. Usipoipata, fanya nilivyofanya mimi: tafuta chungu cha udongo, toboa matundu machache pembeni, kifunike juu ya taa. Chungu kinapata joto na kulitoa polepole, mwanga unabaki ndani. Hakikisha taa haigusi chungu, waya hauguswi na joto, na maranda yako mbali. Nimeona banda limeungua kwa uzembe wa waya tu.

Anayetumia jiko la mkaa, mwanga si tatizo lako, tatizo lako ni hewa. Acha upenyo wa juu. Moshi wa mkaa unaua vifaranga na unaua watu pia, kwa hiyo usiweke bruda ya mkaa chumba unacholala.

Na usiwazimie taa ghafla pu! wakawa gizani. Kware wadogo wakishtuka wanakimbilia kona moja na kulaliana, wa chini wanakosa hewa. Umeme ukikatika usiku ndivyo inavyokuwa. Kata kona za boksi kwa kuweka kadibodi ya mviringo ndani, ili pasiwe na pembe ya kubanana. Ni kitu cha bure kabisa.

JOTO LENYEWE

Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 35 mpaka 37, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka wanapofika wiki ya 4 na manyoya yamejaa. Kipimajoto kiweke usawa wa mgongo wa kifaranga, si ukutani. Kama huna, waangalie wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa na kulia sana, ni baridi. Wakikimbilia kuta, midomo wazi, mabawa yametanuliwa, ni joto kali. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamejinyoosha kama wamekufa, usishtuke, hapo wamestarehe.

Nalisema hili kwa sababu joto likizidi kware wanakuwa wakali. Sisi wa ukanda wa pwani tunanunua ushauri wa ufugaji ulioandikwa kwa watu wa Iringa. Dar es Salaam mwezi Februari saa 8 mchana, chumba chenyewe kina nyuzi 32 au 33, na paa la bati juu. Wewe bado umewasha taa ya wati 100. Mchana kama huo mimi nazima kabisa kwa vifaranga wa wiki 2, nawasha jioni. Boksi nalo liwe refu kiasi cha kuwa na upande wa joto na upande wa poa, kila mmoja achague anapotaka. Boksi dogo lenye taa katikati halina pa kukimbilia.

NAFASI

Hili ni fupi. Boksi langu lilikuwa mita 1 kwa sentimeta 60. Niliweka vifaranga 214. Piga hesabu mwenyewe: kila mmoja alipata eneo la sentimeta za mraba 28, yaani mraba wa sentimeta 5 na kidogo kila upande, kama kibandiko cha bei dukani. Siku ya kwanza walionekana wametosha, wiki ya pili walikuwa wamesimamana. Kware mpaka mwisho wa wiki ya 2 anakuwa amekua mara nyingi kuliko alivyotoka kwenye yai.

Siku hizi siweki zaidi ya 100 kwenye mita 1 ya mraba wiki ya kwanza, na wiki ya pili nabakiza 60 hivi. Waliobaki wanaenda boksi jingine. Nikikosa mbao natumia makatoni ya friji, yanaombwa tu madukani.

CHAKULA

Kifaranga wa kware anataka protini ya asilimia 24 kwenda juu kwa wiki 3 za mwanzo. Chakula cha vifaranga wa kuku unachonunua dukani mara nyingi ni asilimia 20 hivi. Kwa kuku kinatosha. Kwa kware unamlaza na njaa ya protini huku tumbo limejaa.

Mimi naongeza dagaa waliosagwa laini. Chukua chakula kilo 20 chenye protini asilimia 20, hapo una kilo 4 za protini. Ongeza dagaa kilo 3. Dagaa wazuri wakavu tuwakadirie asilimia 55, hiyo ni kilo 1.65. Jumla protini kilo 5.65 ndani ya kilo 23 za chakula, sawa na asilimia 24 na nusu. Lakini dagaa wawe wa maji baridi wasiotiwa chumvi, na wasiwe na mchanga. Wengi wanauza dagaa wa chakula cha kuku waliokusanywa chini pamoja na mchanga nusu kwa nusu, unalipia mchanga. Shika kiganja, weka kwenye glasi ya maji, koroga, uone kinachozama. Chumvi ikizidi nayo inaua.

Saga upya kila kitu kiwe laini. Chembe ya chakula cha kuku haiingii kwenye mdomo wa kware wa siku 2. Anaisukuma tu, anakaa na njaa mbele ya chakula, anageukia vidole.

Maji yasikatike, na chombo kiwe cha kina kifupi, ndani yake weka gololi au kokoto safi. Kifaranga wa kware anazama kwenye kisahani. Akitoka mzima amelowa, na nimeshasema aliyelowa anafanywaje.

Kuanzia siku ya 7 wape cha kuwashughulisha. Fungu la mchicha lililooshwa, limefungwa uzi, likining'inia usawa wa vichwa vyao, wanalirukia mchana kutwa. Na sinia la mchanga mkavu uliochekechwa, wanaoga humo. Kware akioga mchanga husahau ugomvi wote. Jioni naliondoa wasilifanye choo.

WALIOCHELEWA KUTOTOLEWA

Mayai ya kware yanatotoka siku ya 17 na 18, na huwa wapo wachache wa siku ya 19. Mimi nilikuwa nafungua mashine, nachukua wa siku ya 19 angali mnyevunyevu, namtupia kwa wenzake waliokwisha kula siku 2. Ilikuwa kama kumtupia samaki paka. Hana nguvu, kitovu hakijakauka, analegalega.

Muache akauke ndani ya mashine mpaka awe kama pamba. Halafu waliochelewa wote wakae kwenye boksi lao. Wakifika siku 4 au 5 wanachangamka, wengine hawachangamki kamwe, hao utawajua. Usichanganye umri tofauti kwenye bruda moja kwa kuokoa umeme. Hata tofauti ya wiki 1 kwa kware ni kubwa sana.

AMESHAUMIA, UFANYEJE?

Mtoe hapohapo, hata kama ni saa 9 usiku. Usiseme nitamtoa asubuhi, asubuhi utatoa mzoga. Safisha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kijiko 1 cha chai kwa nusu lita. Kisha paka GV, ile dawa ya zambarau ya madukani. Inasaidia kukausha kidonda, na zaidi ya yote inaficha wekundu. Usipake karibu na macho, na usipake dawa yoyote yenye rangi nyekundu, utakuwa umemwekea alama ya kuliwa. Oili chafu ya gari, ambayo wengine wanashauri, achana nayo. Inalowanisha manyoya, anapata baridi, na akisafisha manyoya kwa mdomo anameza sumu.

Usimweke peke yake. Kware akiwa peke yake analia mpaka anaacha kula. Muwekee wadogo wenzake wawili watatu, wapole, kwenye katoni yenye chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa. Kidonda kikifunga na nyoya likianza kurudi, mrudishe taratibu: weka wavu katikati ya boksi waonane siku 2, halafu jioni mwanga ukiwa hafifu toa wavu, na siku hiyo hamisha vyombo vya chakula vikae mahali papya. Wote wanakuwa wageni wa mazingira, hakuna mwenyeji.

Kukata midomo kwa mashine ya kucha, tafadhali, hapana. Mdomo wa kifaranga wa siku 10 ni mdogo kuliko punje ya mchele na una damu ndani. Utamfanya asile.

NA YULE MBABE?

Kila mkupuo yupo. Mara nyingi ndiye mkubwa na mwenye afya, ndiyo maana mtu unaona uchungu kumtoa. Ushauri wangu, mtoe yeye siku 2, waache wanyonge ndani. Akirudi anakuta mpangilio umebadilika, naye anajipanga upya.

Ila nakuonya, usianze na yeye. Mimi nilianza na yeye. Nilimtoa mbabe wa kwanza saa 4 asubuhi, kabla ya adhuhuri akaibuka mwingine. Nikamtoa, akaja wa tatu. Siku ile nilitoa 7. Boksi limebana, taa inawaka, protini hakuna, hata ungebakiza malaika watupu wangedonoana. Rekebisha taa, nafasi na chakula kwanza, subiri siku 2. Ukiona bado kuna mmoja anafukuza wenzake kwenye chakula, huyo sasa ndiye mbabe kweli.

Baada ya babu kuondoka usiku ule nilifunika taa kwa chungu na kuwagawa kwenye makatoni matatu. Dagaa nilipata kesho yake. Vifo havikukoma siku hiyohiyo, walioumia waliendelea kufa siku 3 nzima, lakini majeruhi wapya walipungua usiku uleule. Kama ningekaa na kuwaangalia dakika 15 siku ya 3, badala ya kununua mtego wa panya, hesabu yangu ingekuwa nyingine.

Turudi kwa mama wa Kibaha. Zilipofika wiki 2 nilikuwa na wazima 125 na oda ya 160. Wale 22 majeruhi niliwatazama sana. Unaweza kumpaka GV kifaranga, ukamchanganya katikati ya boksi la kusafirishia jioni, mteja asijue mpaka afike kwake. Nisiwadanganye, niliwaza. Marejesho ya kikoba yalikuwa Jumamosi. Mwisho nikampigia nikamwambia, "Mama, ninao 125 wazima, wengine wamedonoana kwa makosa yangu." Akanyamaza, akaguna, akasema niwalete hao. Akanilipa 135,000 juu ya advansi, badala ya 240,000 niliyokuwa nimeihesabu. Kikoba nilichelewa, nikalipa faini.

Majeruhi nilibaki nao. Baada ya wiki 7 majike 11 kati yao walikuwa wanataga kama kawaida, mmoja wao ana jicho moja na hana vidole viwili. Asiye na kidole anataga vizuri tu, mradi sakafu si ya wavu wa matundu makubwa. Ila wa kuuza hayupo hapo, maana mteja anaangalia miguu.

Mkupuo wa tatu niliweka mayai 200, nikapata vifaranga 146, makatoni mawili, chungu juu ya taa, dagaa tangu siku ya kwanza. Waliokufa mpaka wiki ya 2 walikuwa 9. Wanne kati ya hao walizama. Nilikuwa nimesahau kuweka gololi kwenye chombo kimoja.